Njia ya Dudley

Ijumaa, 4 Aprili. Kisumu

Shangazi anauza nyumba. Magoti yamekataa ngazi, anahamia nyumba isiyo na ghorofa karibu na bintiye, na darini kuna masanduku ya Babu ambayo hataki kuyatupa wala hana pa kuyaweka. "Atumwe mtu aje," alimwambia Baba kwenye simu, "la sivyo nawapa watu wa mitumba." Baba ana miaka themanini na ushee na bado anafungua gereji saa mbili asubuhi. Ndege alishaapa hapandi tena. Nikatumwa mimi.

Nianze na nasaba, maana mtu atauliza Kalasinga wa Kisumu anatafuta nini Wolverhampton. Baba yake Babu alikuwa seremala wa mabehewa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Yeye alikuja miaka ya ishirini, akapata kazi, akawaita mke na mwana kutoka Punjab. Mwana huyo ndiye Babu. Alishuka melini Mombasa akiwa bado anabebwa, akakulia Kisumu, akajua Kijaluo cha sokoni na Kiswahili cha gereji kabla hajaweza kusoma Kipunjabi. Alianza na umakanika, akaingia kwenye lori, kisha mabasi ya Kericho na Nakuru, enzi za barabara ya murram, mvua ikinyesha abiria wanashuka kusukuma.

Uhuru ulipokuja 1963, watu kama sisi walipewa miaka miwili ya kuomba uraia wa Kenya. Baba, kijana wa miaka ishirini, aliomba. Babu alisema ataomba, akachelewa, na kuchelewa kwake kukawa uamuzi. Mwaka 1967 zikatoka sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, asiye raia akatakiwa kuwa na kibali. Kule London nako serikali ikaanza kuandaa sheria ya kuwafungia mlango watu waliobeba pasi zake yenyewe. Februari 1968 ndege za Nairobi zilijaa Wahindi wanaokimbizana na tarehe. Babu, Bibi na Shangazi, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, walifika kabla. Sheria ilipitishwa bungeni kwa siku chache tu, ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Machi. Baba alibaki Kisumu na ami yake, kwenye gereji ile ile anayoifungua leo.

Mimi nilisubiri viza hadi nikachoka kusubiri. Usiku huu naruka.

Jumamosi. London hadi Wolverhampton

Sina mengi ya kusema juu ya London, niliiona kwenye kioo cha treni. Kutoka Euston ni chini ya saa mbili. Ukishaipita Birmingham, nyumba zinageuka rangi ya tofali lililoungua, mfereji wa maji unaifuata reli, na viwanda vya zamani vimekuwa maduka ya mazulia. Eneo hili lote huitwa Black Country. Wenyewe husema ni kwa sababu ya makaa ya mawe na moshi wa viwanda vya chuma.

Shangazi alinipokea mlangoni. "Umekonda. Weka begi hapo. Chai iko kwenye sufuria." Kiswahili chake hakina hitilafu, ila kilisimama 1968. Aliniuliza kama meli ya Victoria bado inakuja gatini Kisumu kila wiki, na kama yule mzee wa mahindi ya kuchoma karibu na stesheni bado yupo. Nilimwambia yule mzee amekwisha fariki. Akasikitika kana kwamba amekufa jana.

Jioni tulikula muhogo wa kukaanga kwa pilipili na ndimu. Huku unauzwa umegandishwa, kwenye mifuko. Si mbaya.

Jumapili. Cannock Road

Gurdwara ya Guru Nanak Satsang iko kwenye barabara ya Cannock. Viatu chini, kitambaa kichwani, na baada ya ibada watu wanashuka ukumbini kwa langar. Wakenya wanaijua langar hata kama jina hawalijui: kila dereva wa lori anayepita Makindu tangu hekalu lile lijengwe 1926 amekula chapati na dengu bila kulipa senti wala kuulizwa dini yake. Hapa ni vivyo hivyo, ila chai ni kali kidogo.

Shangazi alinipeleka kwenye meza ya wazee karibu na hita. Wanne kati yao waliendesha mabasi. Mmoja akauliza mimi ni wa nani. Shangazi akataja. "Aah, Mwafrika!" Ndivyo walivyomwita Babu, Mwafrika, kwa sababu wao walitoka Punjab moja kwa moja hadi Uingereza, naye alipitia kwetu. Wakasema alikuwa akiweka pilipili ya kichaa kwenye mkate wa mayai na alikuwa akitukana gia kwa lugha wasiyoijua. Ninaijua mimi.

Nikawaomba wanieleze kazi yenyewe. Huko nyumbani huwa tunasema tu "Babu aliendesha basi Uingereza", kama vile kuendesha basi ni jambo moja.

Hukupewa usukani siku ya kwanza. Ulianza ukondakta. Basi la ghorofa mbili, watu sitini na zaidi, unapanda na kushuka ngazi huku gari linayumba, unakata tiketi na kurudisha chenji. Na chenji yenyewe! Babu alitoka nchi ambayo shilingi ina senti mia. Hapa shilingi ilikuwa na peni kumi na mbili, na shilingi ishirini ndizo zilizofanya pauni. Mzee mmoja alisema Mwafrika alikuwa amejiandikia hesabu kwenye kiganja kwa wino mwezi mzima. Februari 1971 Waingereza wakaamka wakaamua pauni iwe na peni mia, na siku hiyo, wakacheka wazee, Mwafrika pekee ndiye hakuchanganyikiwa.

Kengele ilikuwa lugha: mlio mmoja simama, miwili ondoka, mitatu tumejaa usisimame. Mtu aliyezoea makanga wa Kisumu anayepiga bodi kwa kofi na kupiga mluzi alielewa kwa siku moja.

Ukishapata leseni ya udereva ndipo ulipotengwa. Mabasi mengi ya wakati ule yalikuwa na kibanda cha dereva peke yake mbele, upande wa injini, mlango wake wa nje, na nyuma yako kioo. Huongei na mtu. Abiria wanaona kisogo tu, tena wakiinama. Wazee walilifafanua hili kwa mikono, mmoja akichora kibanda mezani kwa kidole kilicholowa chai, mpaka nikaona jinsi mtu mwenye domo kama Babu alivyofungwa humo saa nane kwa siku, joto la injini mguu wa kushoto na baridi ya Januari upande wa kulia.

Jumatatu. Darini

Nilipanda peke yangu, Shangazi akiwa chini ya ngazi akitoa amri.

Sanduku la kwanza: blanketi, redio, viatu vyeusi vilivyotiwa soli upya, soksi iliyojaa peni kubwa za zamani. Beji mbili za duara, moja ina ukingo wa kijani, ya kondakta, nyingine ukingo mwekundu, ya dereva. Zote zinaanza na herufi DD, alama ya eneo la West Midlands. Daftari la zamu limeandikwa kwa Kiswahili, na sababu yake si siri: hakutaka Bibi ajue siku za ovataimu. "Alf. Dudley x4. Mvua. Chai mbaya." Kurasa na kurasa za namna hiyo. Ninalipenda daftari hili kuliko vitu vyote vilivyomo.

Chini kabisa kulikuwa na kitu kizito kimefungwa kwa gazeti. Kifuniko cha rejeta. Juu yake kichwa cha chuma cha chifu wa Wahindi Wekundu, na taji la manyoya. Ni nembo ya Guy, kampuni iliyotengeneza mabasi na malori hapa hapa Wolverhampton, mtaa wa Fallings Park, tangu 1914 hadi ilipofungwa 1982. Wolverhampton ilinunua Guy nyingi. Chini ya kichwa kuna maneno ya Kiingereza yanayojisifu kwa manyoya yaliyo kofiani mwao. Kumbuka, ni mji huu huu uliomwambia mtu asiendeshe gari lenye nembo hiyo kwa sababu ya alichovaa kichwani.

Sanduku la pili: picha na vitambulisho vya kazi.

Sebuleni kwetu Kisumu kuna picha moja ya Babu, iliyopigwa studio kabla ya kuondoka: kilemba kimekaa sawa, ndevu zimechanwa, macho makali. Tulikua tukiambiwa kwamba Babu alikuwa miongoni mwa madereva waliopigania kilemba Wolverhampton. Baba huwasimulia wateja wakingoja gari. Picha zilizotoka Uingereza zilikuwa nyingi: Bibi kwenye theluji, Shangazi na baiskeli, Bibi na Shangazi ufukweni wakiwa na makoti. Yeye hakuwemo hata moja. Tulisema anapenda kushika kamera.

Vitambulisho vimepangwa kwa miaka. 1968, 1969, 1972, 1975, kuendelea. Dini yetu inataka nywele na ndevu zisikatwe. Katika vyote kuna mwanamume aliyenyolewa, shavu tupu, nywele fupi zimelazwa kwa mafuta. Kwenye picha moja yuko mbele ya basi na kofia ya sare yenye ukingo mgumu. Ilibidi niangalie masikio ndipo nikamjua. Ni masikio ya Baba.

Nilimwonyesha Shangazi. Hakushtuka. "Wiki ya pili tulipofika," alisema. "Alienda kwa kinyozi asubuhi. Aliporudi akabisha hodi nikachungulia dirishani, nikamwambia Mama kuna mtu, nisifungue."

Jumanne. Basi namba 1

Namba 1 linakwenda Dudley kupitia Sedgley. Nilikaa ghorofa ya juu, kiti cha mbele. Ukitoka mjini unaanza kupanda, na unapanda kweli. Sedgley iko juu na upepo wake unaisukuma gari ubavuni. Kwenye daftari njia hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote. Zamani ilikuwa ya troli, yaani mabasi ya umeme yanayoshika nyaya za juu, na ilikuwa ya mwisho kuzipoteza, Machi 1967. Babu alikuta njia bado ina sifa yake lakini magari ni ya dizeli, na ule mlima wa kurudi ndio uliomfanya atukane gia.

Dudley kuna jumba la makumbusho la wazi, Black Country Living Museum, na humo troli moja ya Wolverhampton bado inatembea, namba 433, Sunbeam ya 1946. Nilipanda. Haina mngurumo, inavuma tu. Mzee wa kujitolea aliyekata tiketi alinionyesha kamba ya kengele. Nikapiga miwili bila kuombwa. Gari likaondoka, akanikaripia kwa upole.

Kurudi mvua. Chai mbaya pia, kwa kweli.

Jumatano, 9 Aprili. Cleveland Road na Park Lane

Gereji ya Cleveland Road, ng'ambo ya ile iliyokuwa hospitali ya Royal, ilifungwa 1993. Mabasi hayaingii tena. Ile ya Park Lane bado inafanya kazi. Nilisimama nje yake nikiangalia madereva wakibadilishana zamu na vikombe vyao, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Tarehe si ya bahati, niliipanga. Mwaka 1967 dereva Tarsem Singh Sandhu alirudi kazini baada ya kuugua, akiwa na ndevu na kilemba. Alipoajiriwa alikuwa amenyoa. Akaambiwa arudi nyumbani, aje akiwa amenyoa. Manchester walikuwa wameshaondoa marufuku kama hiyo 1966, na Bristol, mji ambao kampuni ya mabasi ilikataa kabisa kuajiri makondakta weusi na Wahindi hadi ikagomewa, Singasinga aitwaye Raghbir Singh ndiye aliyekuwa kondakta wake wa kwanza asiye mzungu, Septemba 1963. Wolverhampton ikakaza. Februari 1968, mwezi aliofika Babu, maelfu ya Masingasinga waliandamana mjini. Aprili mwaka huo mbunge wa hapa, Enoch Powell, alitoa hotuba Birmingham ya kuchochea watu dhidi ya wahamiaji, na madai ya Masingasinga yakatajwa ndani yake, kupitia maneno ya mbunge wa jirani, John Stonehouse, wa chama kingine. Mgogoro ukaburuzwa. Kisha Sohan Singh Jolly akatangaza kwamba marufuku isipoondolewa atajichoma moto tarehe 13 Aprili 1969, siku ya Vaisakhi, sikukuu kubwa ya Masingasinga. Tarehe 9, siku nne kabla, kamati ya usafiri ikalegeza.

Haya yote ni kweli, na ninawaheshimu waliofanya. Ila Babu hakuwemo.

Jioni nilimuuliza Shangazi moja kwa moja. Baada ya ruhusa kutoka, kwa nini hakuacha kunyoa?

Alisema siku ile Babu alikuja, akala, akalala. Kesho yake akanyoa kama kawaida, akaenda zamu ya alfajiri. Bibi alimwuliza swali hilo hilo. Akajibu, "Wenzangu ndio waliolipa nauli. Mimi nitapandaje bure?"

Jibu zuri. Zuri kupita kiasi, nikamwambia Shangazi, ni jibu la mtu aliyepata muda wa kulitunga. Akacheka akasema ndiyo, kuna jingine. Ndevu hazioti siku moja. Ungekaa wiki sita na uso usioeleweka mbele ya abiria walewale wa Sedgley, mwaka ule ambao mtu alikuwa akikutemea maneno kituoni kwa sababu ya hotuba. Na walikuwa wameanza kuleta mabasi yasiyo na kondakta, dereva anapokea nauli mwenyewe, kile kibanda chenye kioo kinaondoka. Alikuwa anakaribia miaka hamsini, hajui Kiingereza cha kujibizana, na kila mwezi alikuwa akituma pauni Kisumu.

Pauni zile zilinunua mashine ya kulehemu. Iko gerejini hadi leo.

Mimi naamini hili la pili, na halimpunguzi kitu. Wapo waliokabili kamati, na wapo walioamka saa tisa usiku ili watu wa kiwanda wafike kazini. Picha za ukutani huwa zinawapenda wale wa kwanza. Niseme tu kwamba huku Wolverhampton kuna sanamu ya askari wa Kisingasinga wa vita vya Saragarhi, vya enzi za ukoloni wa Waingereza kule India, shaba, futi kumi, iliyozinduliwa Wednesfield mwaka 2021, nami nilipita nikaitazama kwa heshima. Sijaona ya mtu mwenye mkoba wa chenji.

Alhamisi. Mitaani

Mvua kutwa. Kufunga masanduku. Shangazi alitaka nichukue blanketi, nilikataa, nimelichukua.

Alinisimulia juu ya wiki ya kustaafu. Ijumaa Babu alirudisha sare, akasaini. Jumamosi hakunyoa. Jumapili hakunyoa. Hakusema neno, na Bibi naye hakuuliza, alitoa tu kitambaa cha kilemba kabatini akakipiga pasi. Alipokuja Kisumu kututembelea mimi nikiwa mdogo, nilimkuta mzee wa ndevu nyeupe hadi kifuani, na sikuwahi kufikiri kwamba zilikuwa ndevu za miaka michache tu.

Nilikumbuka safari ile alivyonipandisha kwenye lori bovu gerejini, akaniweka kwenye usukani, akasimama nyuma na kunigonga begani: moja simama, mbili ondoka. Baba alikuwa akipiga kelele tutavunja gia.

Ijumaa. Kabla ya kwenda uwanjani

Nilikuwa nimeogopa simu hii tangu Jumatatu. Nikapiga asubuhi, nikijua Baba yuko gerejini na hawezi kukaa chini akaanza kulia au kukasirika. Nyuma yake nilisikia mtu akigonga chuma.

Nikamwambia. Vitambulisho, kinyozi, kofia ya sare.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu sitini na nane. Aliniandikia barua. Alisema nisimwambie ami yangu."

"Na hadithi ya kupigania kilemba?"

"Hiyo ilikuwa ya ami yangu. Alikuwa mtu mkali, angekata uhusiano. Baadaye aliyeizoea kuisimulia ni mimi." Akamwambia mtu alete spana ya kumi na saba. "Ziko picha ngapi?"

Nikamtajia ile ya mbele ya basi, akiwa na kofia, mkono mmoja juu ya boneti.

"Hiyo ilete. Itakaa gerejini, kando ya Joginder." Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda Safari Rally 1965, 1974 na 1976, ana ukuta wake peke yake kule gerejini, na hakuna aliyewahi kuruhusiwa kutundikwa karibu naye. "Ya sebuleni ibaki ilipo."

Nikamweleza pia juu ya kifuniko cha Guy. Hapo sauti ikabadilika kabisa. Kina uzi au cha kubana? Kimepata kutu? Nisikiweke kwenye begi la mkononi, watakichukua. Nikifunge kwa blanketi. Halafu akauliza ile Guy ya Babu ilikuwa na gia ngapi, na breki zake zilikuwa za upepo au za aina gani, nikampa Shangazi simu, wakaanza kubishana.